Namtafuta Aliyenibeba

Swali huwa linakuja mwishoni. Mahojiano yamekwenda saa moja na nusu. Mzee ameshasimulia alikozaliwa, barua ya kuitwa jeshini, mvua ya Vietnam, siku aliyopigwa risasi, hospitali, kurudi nyumbani, ndoa ya kwanza, ndoa ya pili. Anayemhoji anamuuliza kama kuna lolote angependa kuongeza. Kimya kidogo. Unasikia kiti kikilia. Halafu mzee anasema ndiyo, kuna jambo. Kama kuna mtu atakayesikiliza rekodi hii na anawajua waliokuwa kwenye helikopta iliyokuja kumchukua siku fulani, mwezi fulani, 1968, karibu na mahali fulani, basi amwambie. Angependa kuwapata. Kisha anataja moshi ulikuwa wa rangi gani.

Nimeliandika swali hilo mara nyingi sana. Kazi inayonilipia nyumba huku Kahawa West, wakati insha hazilipi (na insha hazilipi), ni transkripsheni. Natumiwa sauti usiku, nasikiliza, naandika kila neno, natuma kabla hakujapambazuka. Niliianza nikiwa chuoni kama kibarua cha kujazia karo. Karo ikakishinda kibarua, nikaacha chuo mwaka wa tatu, kibarua kikabaki. Nimeandika mahubiri, kesi za talaka, mikutano ya watu wanaouza bima. Halafu miaka miwili iliyopita nikaanza kupata faili za wazee wa Kimarekani waliopigana Vietnam, wanahojiwa na wajukuu zao na watu wa maktaba ili stori zao zisiende nao kaburini. Mkataba unanikataza kutaja jina la yeyote kati yao, na sitataja. Lakini mkataba haukusema chochote kuhusu swali.

Mwanzoni sikuwa na hamu na vita vyao. Vietnam niliijua ya sinema tu. Na kusema kweli, mtu aliyekulia huku kwetu ana sababu zake za kutokimbilia kuwaonea huruma wanajeshi waliovuka bahari kwenda kuteketeza vijiji vya wakulima. Mawazo hayo bado ninayo. Ila ukikaa na sauti ya mtu kwenye hedifoni kwa saa sita, ukiirudisha nyuma sekunde tano tano ili unase neno alilolimeza, unaanza kusikia vitu vingine. Unamsikia mtu wa miaka 77 akihangaika kwa sababu hajawahi kusema asante, na hajui aiseme kwa nani. Mimi nina sababu yangu ya nyumbani ya kulisikia hilo kuliko mtu mwingine. Nitaifikia.

Kwanza helikopta zenyewe. Mwaka 1962 jeshi la Marekani lilipeleka Vietnam kikosi kidogo cha tiba, cha 57, chenye helikopta za kubeba majeruhi. Zilikuwa Huey, ambazo zilianza na ombi la jeshi, miaka ya hamsini, la kutaka helikopta ya kubebea wagonjwa. Yale mabunduki tunayoyaona yakining'inia mlangoni kwenye filamu yalikuja baadaye. Mwaka uliofuata kikosi kilihitaji jina la kuitwa redioni, na kwenye kitabu cha majina ambayo hayajachukuliwa wakaokota Dustoff. Sisi tungesema vumbi limetimka. Lilifaa, maana Huey ikitua wakati wa kiangazi inamfunika kila mtu. Kawaida majina ya redioni yalibadilishwa mara kwa mara ili adui achanganyikiwe, lakini hili waliliacha. Mtu aliye na rafiki anayevuja damu hana wakati wa kupekua orodha kutafuta wiki hii ambulensi inaitwaje.

Ndani walikuwa wanne: rubani, rubani msaidizi, fundi wa helikopta, na tabibu. Wengi wao walikuwa vijana wa umri wangu au chini yake. Aliyewapa tabia yao alikuwa Meja Charles Kelly. Wakubwa walikuwa na wazo la misalaba myekundu ya kubandika na kubandua, ili helikopta ibebe wagonjwa leo na mizigo kesho. Kelly akagoma. Akawa anaruka hata usiku, anazunguka akiuliza redioni kama kuna aliyeumia, ili ionekane kwamba kazi ipo. Tarehe 1 Julai 1964 alishuka kuchukua majeruhi. Waliokuwa chini wakamwambia aondoke, risasi ni nyingi. Akajibu kwamba ataondoka akishawapata majeruhi wao. Risasi moja ilipita mlangoni, ikampata moyoni. Baada ya hapo stori ya misalaba ya kubandua ilikufa, na waliomfuata walirithi jibu lake kama vile mtu anavyorithi shamba: ni lako, utalifanyia nini?

Hadi vita vilipokwisha kwa Wamarekani mwaka 1973, Dustoff walikuwa wamebeba watu wanaokaribia 900,000.

Kuna kitu kimoja kwenye zile faili ambacho kilinichukua muda kukielewa, nacho ni moshi. Kila mzee anakumbuka rangi. Zambarau. Njano. Helikopta ikikaribia, aliyeko chini anarusha mkebe wa moshi ili rubani ajue pa kutua. Lakini hasemi redioni amerusha rangi gani, kwa sababu adui naye anasikiliza, na adui naye ana mikebe. Anarusha tu, ananyamaza. Rubani ndiye anayesema naona zambarau, na wa chini anajibu ni sisi. Basi. Watu wawili wasiojuana, mmoja angani na mwingine matopeni, wamekubaliana kwa neno moja kwamba mmoja wao atashuka. Miaka 55 baadaye huyu mzee amesahau jina la mke wake wa kwanza kwa sekunde kadhaa (nilisikia, niliandika), lakini zambarau haijasahaulika.

Sasa, kwa nini ni ngumu kuwapata? Niliwahi kufikiri ni uvivu. Marekani ni nchi ya makaratasi, si wangeangalia tu kwenye daftari?

Shida ya kwanza ni majeruhi mwenyewe. Amechomwa mofini, uso umefungwa bendeji, anajua siku na pengine jina la kilima. Aliyeongea na rubani si yeye, ni mshika redio wa kombania yake. Kwa hiyo kumtafuta rubani kunaanza kwa kumtafuta mshika redio. Huyo naye amehama majimbo manne, au alikufa 1991. Akipatikana, pengine anakumbuka namba, maana kila rubani alikuwa Dustoff na namba fulani. Lakini wanajeshi wengi walikaa Vietnam mwaka mmoja tu, na rubani akirudi kwao namba yake anapewa mwingine. Namba moja, marubani watano. Kutafuta kwa namba ni kama kumtafuta makanga kwa kukumbuka tu kwamba ilikuwa matatu ya 45.

Shida ya pili: inawezekana hawakuwa Dustoff kabisa. Divisheni ya Kwanza ya Cavalry ilikuwa na helikopta zake za majeruhi, na redioni zilijiita Medevac. Na siku nyingi mtu alibebwa na Huey yoyote iliyokuwa karibu, iliyokuja kuleta risasi na chakula, ikageuzwa gari la wagonjwa kwa dakika ishirini. Kuna mzee alitafuta miaka mingi kwenye mikutano ya Dustoff, akihudhuria na fulana ya kikosi chake cha zamani, kumbe watu wake walikuwa wanahudhuria mkutano mwingine kabisa, mji mwingine.

Ya tatu inachekesha kidogo. Tabibu aliyewashika mkono, yule ambaye sauti yake wanaisikia mpaka leo, jina lake lilikuwa Doc. Matabibu wote walikuwa Doc. Hebu mtafute Doc.

Wanaofaulu, wanafaulu kwa subira ya mtu anayechambua mchele. Makao makuu ya kila batalioni yaliandika daftari la siku, saa kwa saa: saa ngapi helikopta imeombwa, saa ngapi imefika, saa ngapi imeondoka, wangapi wamebebwa. Madaftari hayo yako kwenye hifadhi ya taifa, College Park, Maryland, ndani ya maboksi. Mzee anakwenda huko, au anamtuma mjukuu, anatafuta siku yake. Majeruhi mara nyingi wameandikwa kwa herufi na namba, si majina, kwa hiyo anajitafuta kwa namba. Kuna hifadhi nyingine kubwa ya Vietnam katika Chuo Kikuu cha Texas Tech, mjini Lubbock, na sehemu kubwa iko mtandaoni. Na kuna chama cha marubani wa helikopta wa Vietnam, ambacho kimekusanya hata historia za helikopta zenyewe kwa namba ya mkiani: ilitoka kiwandani lini, ilipigwa wapi, ilianguka wapi. Ndiyo maana wengine wanaipata helikopta kabla ya watu. Wanaikuta imesimama kwenye makumbusho, imepakwa rangi, watoto wanapanda kupigwa picha, na wao wanashika sakafu.

Nilisikia mmoja akisimulia hilo la kushika sakafu. Kwenye transkripsheni mtu akinyamaza kwa muda unaandika kimya, ndani ya mabano. Niliandika kimya mara tatu kwenye ukurasa mmoja.

Halafu nikaanza kupata faili za upande wa pili. Marubani, mafundi, matabibu. Na hapa ndipo mambo yalinigeukia.

Chukua hesabu hii. Michael Novosel alikuwa rubani wa Dustoff aliyepewa nishani ya juu kabisa ya nchi yake kwa kazi ya siku moja, 2 Oktoba 1969, aliporudi na kurudi kwenye risasi hadi akatoa watu 29. Alikuwa mzee kwa wenzake. Aliwahi kurusha ndege za B-29 Vita vya Pili, na akaacha cheo cha luteni kanali kwenye jeshi la akiba la anga ili akubaliwe kama rubani wa cheo cha chini. Mwanawe naye alikuja kurusha Dustoff kwenye kikosi kilekile, na katika muda mfupi baba akamwokoa mwana, mwana akamwokoa baba. Hiyo ndiyo stori wanayopenda kuisimulia. Mimi nilikwama kwenye namba nyingine: katika mihula yake miwili, Novosel aliruka safari 2,543 na kubeba watu 5,589.

Elfu tano mia tano themanini na tisa. Kila mmoja wa hao, kama yuko hai, anaikumbuka ile helikopta kama kitu kilichotokea mara moja duniani. Anakumbuka rangi ya moshi. Yeye Novosel, aliyefariki 2006, angewakumbukaje? Kwa rubani, ile siku yako moja ilikuwa safari ya tano kabla ya chakula cha mchana. Mbele kuna miti, vipimo, risasi. Wewe uko nyuma yake, hakuoni. Unaposhushwa hospitalini anakuwa ameshapata mwito mwingine.

Kwa hiyo wazee wanapompata mtu wao, baada ya miaka yote ya maboksi, mara nyingi mtu wao hawakumbuki. Nilidhani hilo lingekuwa pigo. Naona katika sauti zao kwamba wengi walishalijua kabla ya kupiga simu. Wanapiga tu. Anasema tarehe, anasema mahali, anasema zambarau, na upande wa pili mtu anafungua kitabu chake cha safari, chenye tarehe na helikopta na saa alizoruka, hakina jina la majeruhi hata mmoja. Anasema, ndiyo, siku hiyo nilikuwa naruka.

Lakini kitu ambacho sikukitarajia ni hiki. Matabibu wanalia kuliko majeruhi. Fundi mmoja alieleza jinsi walivyoosha sakafu kwa maji ya mtoni, na jinsi ambavyo maji hayo ndiyo yalikuwa mwisho wa stori ya kila mtu waliyembeba. Walimpokea akiwa hai au nusu hai, wakamkabidhi mlangoni, wakaosha, wakaondoka. Hakuna aliyewarudishia jibu. Amefika theatre? Amepona? Alikufa usiku uleule? Tabibu aliyekuwa na miaka 20 amebeba orodha ya watu wasio na mwisho kwa zaidi ya nusu karne. Kuna mmoja anayekumbuka saa ya mkononi ya majeruhi, ilikuwa bado inatembea. Alitaka kujua kuhusu mwenye saa tu. Wengine wote ameshawaachia Mungu.

Kwa hiyo ile simu si asante. Ama ni asante, lakini anayeipokea anasikia kitu kingine. Anasikia kwamba mmoja aliishi. Alioa, aliachwa, alioa tena, ana kisukari, ana wajukuu, analalamika kuhusu bei ya dawa. Mwaka 2024 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwatunuku Dustoff wa Vietnam medali ya dhahabu ya Bunge, na ni vizuri, wapewe. Ila nikisikiliza sauti hizi nafikiri wengi wangeibadilisha medali hiyo na simu moja ya mtu mwenye kisukari.

Nilianza kuwa na daftari langu pembeni. Tarehe, mahali, rangi ya moshi, saa kama ipo. Upande huu majeruhi, upande ule waliowabeba. Sijui nilifikiri ningefanya nini kama mistari miwili ingelingana, maana mkataba ni mkataba. Hakuna iliyolingana.

Nawaonea wivu kwa zile karatasi. Nalisema wazi, kwa sababu kwetu anayembeba mwenzake hajawahi kuandikwa. Helikopta ya kwanza ya Marekani kutoa majeruhi vitani ilifanya hivyo Burma, Aprili 1944, na baadaye mwaka huohuo wanajeshi wa KAR kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland walikuwa wakiteremka bonde la Kabaw kwenye matope ya masika ya huko. Wa kwao ana faili. Wa kwetu tuna soko la Burma pale Jogoo Road, na nyama nzuri. Rudi nyuma zaidi, Vita vya Kwanza, kwa wapagazi waliobeba kila kitu cha Waingereza, mizigo na wagonjwa. Hao wametuachia Kariokor, na Dar wakapata Kariakoo, ambayo ni Carrier Corps ikiwa imepita kwenye vinywa vyetu. Mwaka 2021 tume ya Waingereza inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba waliokufa kwenye vita hivyo bila kukumbukwa kwa jina, au bila kukumbukwa kabisa, ni watu kati ya 116,000 na 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri. Pale Kenyatta Avenue kuna sanamu za askari na mpagazi. Pita uangalie. Majina hayapo.

Na Wavietnamu? Katika wale 900,000 kulikuwa na Wavietnamu wengi, wanajeshi wa Kusini, wanakijiji, watoto, hata wapiganaji wa upande wa adui. Katika faili zangu zote, hakuna mama wa Mekong anayeuliza nani alimbeba mwanawe. Mwenye kuulizwa kama ana la kuongeza ni mwenye kuwekewa maikrofoni.

Sasa ya nyumbani.

Ijumaa, 7 Agosti 1998, mamangu alikuwa karani kwenye ofisi ya ghorofa ya tatu, Moi Avenue, si mbali na ubalozi wa Marekani. Kwanza kulisikika mlipuko mdogo. Watu wakaenda dirishani kuangalia, kama vile mimi na wewe tungeenda. Ndiyo maana siku ile watu wengi sana waliumia macho. Mlipuko mkubwa ulipokuja, vioo vyote viliingia ndani. Nairobi walikufa watu 213, Dar es Salaam 11 asubuhi ileile, na waliojeruhiwa huku kwetu walikuwa maelfu. Mamangu alipoteza jicho la kushoto. Alikuwa na mimba ya miezi mitatu, ambayo hakuwa amemwambia mtu. Mimi nilizaliwa Februari.

Stori hiyo tumelelewa nayo, na ina shimo katikati. Kioo, halafu hospitali. Vipi alifika hospitali? Gari. Gari la nani? La mtu. Ambulensi mjini zilikuwa chache kiasi kwamba siku ile majeruhi walibebwa na matatu, pikapu, basi, teksi, kila chenye magurudumu. Waliokufa majina yao yako ukutani kwenye bustani ya kumbukumbu, pale ubalozi ulipokuwa. Waliobeba hawana ukuta, na daftari la siku, saa kwa saa, halikuwepo.

Nilimpigia simu, anakaa Thika siku hizi. Nikamwambia kuhusu wazee wangu. Hii haikuwa mara ya kwanza, na huwa ananiita mtu wa Vietnam.

"Wewe na wazungu wako," akasema. "Sasa mimi nikimpata huyo mtu nimwambie nini? Nimnunulie soda?"

Nikamwambia kuhusu matabibu. Kuhusu yule wa saa. Nikamwambia, mum, pengine si yeye wa kuambiwa asante. Pengine huyo mtu alikuacha mlangoni ukiwa damu tupu, akarudi kubeba wengine, na mpaka leo hajui kama ulipona.

Alinyamaza. Kwenye faili ningeandika kimya. Nilisikia redio yake, nikasikia mtu akigonga geti la jirani.

"Ilikuwa na kreti za soda," akasema.

"Nini?"

"Hiyo pikapu. Nimesema soda nikakumbuka. Chupa tupu. Zilikuwa zinagongana njia yote."

Miaka 27 sijawahi kusikia kuhusu chupa. Akaendelea, kwa sauti ambayo si ile ya kusimulia, ile ya kutaja vitu vya kununua sokoni, na mimi nikachukua lile daftari na kuanza ukurasa mpya. Alisema niandike, kwa hiyo naandika. Kama ni wewe, au ni babako, au ni mtu aliyewahi kukusimulia siku hiyo kisha akabadilisha maneno, hiki ndicho tunachojua:

Pikapu, rangi nyeupe au krimu. Ilikuwa imeegeshwa upande wa kuelekea stesheni ya reli, muda mfupi baada ya saa nne na nusu asubuhi. Nyuma kreti za chupa tupu, zilisukumwa upande mmoja watu wapate pa kulala. Nyuma walikuwa wanne: mamangu, mwanaume mmoja aliyekuwa haongei, msichana wa sare ya shule, na mama mmoja mkubwa aliyekuwa akisali kwa Kikamba. Dereva alikuwa mwanaume, sauti ya mtu si mzee. Uso mamangu hakuuona, macho yalikuwa yamefunikwa kwa kitambaa, na kitambaa kilikuwa cha dereva, anafikiri ni shati, kilinuka sabuni ya kipande. Njia nzima alikuwa akipaza sauti kupitia dirisha la nyuma, tumefika, mama, tumefika, kabla hawajafika popote. Alimbeba mgongoni kutoka kwenye gari hadi mlangoni. Akamuuliza jina, akalirudia mara mbili, akaenda.

Mamangu alikuwa na miaka 24, gauni la buluu, mkufu wa msalaba mdogo. Alilazwa wiki tano. Mtoto alikuwa mzima. Kiatu kimoja kilibaki kwenye pikapu, cha mguu wa kulia, cheusi, kisigino kifupi, saizi ya tano.